Ndondi si Mali ya Majitu

Oleksandr Usyk na Tyson Fury wanarudiana Jumamosi hii, tarehe 21 Desemba 2024, huko Riyadh. Hapa Kalama majaji wameshatoa uamuzi. Kuanzia stendi ya boda pale Kola hadi kwa kinyozi kule Muumandu, jibu ni moja: safari hii Fury anachukua. Kwa nini? Fury ni mkubwa. Basi. Mtu wa futi sita na inchi tisa hawezi kupigwa mara mbili na mtu wa futi sita na inchi tatu. Ile ya Mei ilikuwa bahati mbaya.

Nimesikiliza mjadala huu wiki mbili sasa. Desemba nyumbani unajua vile huwa: watu wamerudi kutoka Nairobi, Mlolongo na Mombasa, kila mmoja ana bando na kila mmoja ana maoni. Mimi siandiki kutabiri mshindi. Naandika kwa sababu nimechoka na hii dini ya uzani wa juu. Sisi mashabiki wa Kenya tunaabudu mwili ambao hatuna, katika uzani ambao haujawahi kutuletea hata medali moja ya Olimpiki, huku tukicheka miili ileile iliyotuletea zote. Tungekuwa tunakosea kwenye maneno tu ningenyamaza, ninywe chai yangu. Shida ni kwamba kuna watoto wanasikiliza.

Tuanze na pigano lenyewe, maana hata hapo hoja ya ukubwa haisimami. Tarehe 18 Mei, hukohuko Riyadh, Fury alipanda ulingoni akiwa na karibu kilo 119. Usyk alikuwa na kama 101. Tofauti ya kilo 18 ni karibu mtungi mzima wa maji, ule wa lita ishirini ambao mama zetu wanapanda nao mlima. Raundi ya tisa, huyo mwenye mtungi wa ziada alikuwa anayumba kutoka kamba hii hadi ile kama mlevi anayetafuta mlango, mpaka refa akaingilia kati na kumhesabia. Majaji wawili walimpa Usyk, 115-112 na 114-113. Wa tatu akampa Fury, 114-113. Ndivyo tulivyopata bingwa mmoja wa mikanda yote ya uzani wa juu kwa mara ya kwanza tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Na huyo bingwa ni mtu aliyetoka uzani wa chini yake, ambako alikuwa ameshakusanya mikanda yote mwaka 2018.

Kwa maneno mengine, bora kati ya wakubwa ni yule mdogo wao. Wasee waliona hayo kwa macho yao, wakalipa hela kuyaona, halafu wakarudi nyumbani wakisema mkubwa hushinda.

Sasa tufungue kabati letu. Kenya ina medali saba za ndondi kwenye Olimpiki. Mexico 1968, Philip Waruinge, shaba, kilo 57. Munich 1972, Waruinge tena, fedha, kilo zilezile 57. Dick Murunga, shaba, kilo 67. Samuel Mbugua, shaba, kilo 60. Los Angeles 1984, Ibrahim Bilali, shaba, kilo 51. Seoul 1988, Chris Sande, shaba, kilo 75. Na Robert Wangila, dhahabu, kilo 67, baada ya kumlaza Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali.

Hizo ndizo zote. Mzito kuliko wote alikuwa na kilo 75. Uzani wa juu wa kulipwa unaanza karibu kilo 91. Sikumaliza chuo, lakini hii hesabu haitaki digrii.

Ukitaka nje ya Olimpiki, twende. Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa, Belgrade 1978, kwa kilo 48. Fatuma Zarika alisafiri hadi Michigan mwaka 2016 akarudi na mkanda wa WBC, kwa kilo 55, kisha akautetea hapahapa Nairobi. Mkanda wa dunia, Nairobi, mwendo wa matatu moja kutoka Machakos! Nimeuliza watu kumi na wawili pale Kola kama wanamjua Zarika. Watatu walimjua. Wote kumi na wawili walijua jina la baba yake Tyson Fury.

Majirani zetu hadithi ni ileile. Ayub Kalule wa Uganda alitwaa taji la WBA mwaka 1979 akiwa chini ya kilo 70. Hassan Mwakinyo wa Tanzania, huyo aliyewaduwaza Waingereza kwa kumsimamisha Sam Eggington Birmingham mwaka 2018, naye ni wa uzani huohuo. Bondia mkubwa wa mwili kutoka Afrika Mashariki ambaye dunia nzima inamjua kwa jina ni Idi Amin, na sidhani tunataka kumtundika ukutani.

Lakini kuna jambo moja katika orodha ile ambalo linanikosesha usingizi. Mexico 1968, dhahabu ya uzani wa juu ilienda kwa kijana wa Marekani anayeitwa George Foreman. Ndiyo, huyohuyo Foreman. Lakini Olimpiki huwa na kombe lingine, Val Barker, la bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wote bila kujali uzani. Mwaka ule halikwenda kwa Foreman. Lilikwenda kwa Waruinge, mwenye shaba, wa kilo 57, kutoka Nakuru, mji ambao mabondia wake walikuwa wanafanyia mazoezi katika ukumbi waliouita Madison Square Garden. Yaani dunia ilikaa ikatazama jitu na Mkenya mwembamba, ikasema ufundi uko kwa yule mwembamba. Sisi wenyewe ndio hatujaamini mpaka leo.

Hii dini ilitoka wapi? Wazee watakuambia Kinshasa. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane, na babu zetu walisikia redioni. Simlaumu mtu kwa kumpenda Ali. Nampenda pia. Lakini angalia vile ile shughuli ilivyopangwa. Mobutu alihakikisha kila bondia analipwa dola milioni tano, katika nchi ambayo raia wake wa kawaida hakuwa na kitu. Pigano likaanza saa kumi usiku, saa ambayo hata jogoo wa Kinshasa amelala, ili Wamarekani watazame jioni yao. Mwenye nyumba aligharamia karamu, halafu akaamshwa usiku wa manane kula na wageni.

Na Riyadh ni nini kama si Kinshasa yenye mafuta zaidi? Dola ni za dola, yaani za serikali. Miili ni ileile mikubwa. Na saa ni ya watu wengine. Saa ya Riyadh na ya Nairobi ni moja, hatuachani hata dakika. Lakini Mei tulikaa macho mpaka saa saba usiku, kwa sababu London ilikuwa saa tano na watu wamemaliza chakula cha jioni. Jumamosi tutakaa tena. Watu wakubwa huingia ulingoni wakati mwenye kiti anataka.

Turudi kwa Ali, maana kuna sehemu ya hadithi yake ambayo mashabiki wake wa hapa hawapendi kuisimulia. Februari 1980 alitua Nairobi. Hakuja kupigana. Alikuja kama mjumbe wa Rais Carter wa Marekani, kuhimiza Afrika isusie Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Nyerere alikataa kumpokea. Tanzania ikaenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha, mbili pekee ambazo nchi ile imewahi kupata. Serikali ya Moi haikuhitaji kubembelezwa. Kenya ilibaki nyumbani.

Sasa jiulize nani alilipa. Tulikuwa tumesusia Montreal 1976 pia, kwa sababu nyingine na nzuri zaidi, ya michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi. Muchoki alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1978. Olimpiki mbili, moja kabla ya taji lake na moja baada yake, zote zikampita. Mtu wa kilo 48, bora duniani, hakupata nafasi, na bingwa wa uzani wa juu tuliyekuwa tunamwimbia alikuja Nairobi kutuhimiza tubaki nyumbani. Ningekuwa mwalimu wa historia ningefundisha hiyo kabla ya Kinshasa.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

La kwanza: Francis Ngannou je? Anthony Joshua je? Si Waafrika hao? Sawa. Ngannou alimwangusha Fury Oktoba 2023, raundi ya tatu, na wengi wetu tulimwona mshindi hata kama majaji waligawanyika upande mwingine. Nilipiga kelele kama ninyi. Miezi minne na kidogo baadaye Joshua akamlaza raundi ya pili. Lakini Joshua alizaliwa Watford na kulelewa na mfumo wa Uingereza. Ngannou alivuka jangwa la Sahara, akalala nje Paris, ndipo akapata mtu wa kumfundisha. Hao si ushahidi kwamba uzani wa juu ni wetu. Ni ushahidi kwamba bila jimu karibu na kwenu, hata jitu la Cameroon lazima lihame.

La pili: pesa iko kwa wakubwa. Si kweli hivyo. Pigano lililouza kuliko yote katika historia ya televisheni ya kulipia ni la Mayweather na Pacquiao, Mei 2015, Las Vegas. Manunuzi milioni 4.6. Walipigana uzani wa welta, kilo 67 kasoro kidogo. Ni uzani wa Wangila, maze! Na Naoya Inoue wa Japani anajaza kumbi kwa kilo 55, uzani wa Zarika. Pesa hufuata hadithi. Sisi tumekataa kusimulia ya kwetu, halafu tunashangaa haiuzi. Mandonga alipokuja KICC Januari 2023, aliuza kwa mdomo wake tu, kwa Kiswahili, na hakuwa na kilo 119.

La tatu ndilo gumu: wacha watu waburudike. Mtu ameendesha boda tangu saa kumi na moja asubuhi, wacha atazame majitu yakigongana. Nakubali. Uzani wa juu una utamu wake. Konde moja na taa zinazimika. Sina shida na mtu kutazama. Shida yangu ni funzo analoondoka nalo na kumpa mwenzake: kwamba mwili mkubwa una haki ya kushinda, na mdogo akishinda ni ajali.

Hilo funzo halibaki ulingoni. Ndilo tunalotumia tukizungumza kuhusu vigogo: yule hawezi kuanguka, ni mzito. Ndilo tunalotumia kwenye foleni, kwenye tenda, kwenye mashamba yanayomegwa. Juni mwaka huu kizazi chetu kilisimama barabarani mbele ya wazito wa nchi hii, wengine hawakurudi nyumbani, na Mswada wa Fedha ukarudi ulikotoka. Hakuna aliyepanda kwenye mizani kwanza. Haiwezekani Juni tuseme ukubwa si kitu, halafu Desemba tukae kwa kinyozi tukisema mkubwa hushinda, kwa sababu tu siku hiyo inahusu Waingereza.

Sasa nifike kwa wale watoto.

Kuna kijana hapa Kalama amemaliza Fomu Foo mwezi uliopita. Nyuma ya kwao amening'iniza gunia la maganda ya mahindi kwenye mwembe, na analipiga kila jioni akiwa amefunga mikono kwa vitambaa. Nimemtazama. Hana mwalimu, anafuata video za simu, lakini miguu yake haijasimama vibaya, na mkono wa kushoto unarudi usoni kila anapoutoa, kitu ambacho wengi hufundishwa mwaka mzima. Wiki iliyopita alipita kwenye duka la nafaka wakati mjadala umeiva, akauliza kama kuna mtu anajua klabu ya ndondi Machakos mjini. Hawakumjibu. Walimpandisha kwenye mizani ya mahindi. Kilo 52.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi ng'ambo ya barabara ya Wote. "Mwanake, wewe upepo utakubeba." "Kula muthokoi kwanza." "Enda ukimbie, ndondi waachie wanaume." Mzee mmoja ambaye mimi humheshimu akamwambia kwa upole, na upole ndio uliniuma zaidi, kwamba Mungu huwa anampa kila mtu mwili wa kazi yake, na wake si wa hiyo. Kijana akashuka, akasema asante mzee, akaenda.

Kilo 52. Bilali alileta shaba na 51. Muchoki alikuwa bingwa wa dunia na 48, angehesabiwa mdogo hata mbele ya huyu. Katika kikao kile kulikuwa na watu wanaoweza kukutajia urefu wa mkono wa Fury kwa sentimita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina la Bilali mdomoni la kumpa yule kijana. Walimtazama mtu wa uzani wa fahari yetu yote, wakamrudisha nyumbani. Hata majina yenyewe tuliyoyatafsiri yanasaidia dharau: uzani wa nzi, uzani wa unyoya. Nani anataka mtoto wake awe nzi?

Mtasema tatizo ni serikali na shirikisho. Ni kweli, na mimi nawadai pia. Olimpiki ya Paris mwaka huu hatukuwa na bondia hata mmoja. Miaka 36 tangu Wangila, na hatukufika hata mlangoni. Wangila mwenyewe alikufa Las Vegas mwaka 1994 kutokana na majeraha ya ulingoni, na heshima tuliyompa tangu hapo haitoshi kujaza kadi ya mchango. Mabondia wetu wengi hutegemea timu za polisi, jeshi na magereza, au kumbi chache za mitaa ya Nairobi. Ukizaliwa kwenye vilima vya Kalama, ndondi ni kitu cha simu. Nayajua hayo yote. Lakini serikali haikuwa kwenye duka la nafaka wiki iliyopita. Tulikuwa sisi.

Na sisi tuna kitu. Usiku wa Mei tulikuwa watu 38 katika kile chumba chenye televisheni, shilingi mia kila mmoja. Hizo ni 3,800 kwa usiku mmoja, kabla ya soda, kabla ya hela ambazo watu waliwekea dau na kuzilia. Hatujawahi kukosa mia ya Fury. Hatujawahi pia kuulizwa mia ya mtu wa hapa, kwa sababu tumekubaliana kwamba mtu wa hapa ni mwepesi mno.

Basi ninauliza. Jumamosi tazameni, nitakuwepo, na mimi niko upande wa Usyk. Lakini mlangoni kutakuwa na kopo la pili, na kila anayeingia ataombwa hamsini ya ziada. Ni ya glavu za mitumba jozi nne na kamba za kuruka. Mwenye chumba amekubali kukitoa bure Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Kuna mzee hapa Kyangala aliyepigania timu ya magereza enzi zake, kilo 54. Amekaa kwenye hii mijadala yetu miaka mingi bila mtu kumuuliza chochote. Nilimuuliza. Alisema hahitaji ulingo. Anahitaji chumba kisichovuja na vijana wasiochelewa.

Na mtu akikuambia tena kwamba ndondi ni za watu wakubwa, usibishane naye. Mwambie akutajie wale wenye medali saba zetu na kilo zao. Akikwama kabla ya wa tatu, alipe chai ya meza nzima. Akitaja wote, mpe nafasi yako ya kukaa, maana huyo ni shabiki wa ndondi.

Mazoezi yanaanza Jumatatu tarehe 23. Mizani ya mahindi tumeiazima.